Nyumba ya Chini na Dada wa Pangani

Mama yangu aliishi miaka 11 kwenye ghorofa ya tatu jijini Dar es Salaam. Miaka miwili ya mwisho hakushuka ngazi isipokuwa siku za hospitali. Magoti yalikataa. Sokoni aliwatuma watoto wa jirani, na misiba ya watu wake aliisikia kwenye simu. Jioni moja akaniambia anataka nyumba ya chini, yenye baraza, mahali ambapo anayepita atamwamkia. Tukaanza kutafuta Muheza, mji wa machungwa ulio kilomita zipatazo 35 kutoka Tanga, ambako mdogo wake ameolewa.

Kwenye mji mdogo nyumba nyingi nzuri hazina tangazo. Utasikia kwa muuza genge, au kwa bodaboda aliyekupeleka mahali pengine kabisa. Maandishi utakayoyaona ukutani mara nyingi ni yale ya "Nyumba hii haiuzwi", na ukiyakuta, jua kuna tapeli alishapita hapo au ndugu wamegombana. Mimi nilipelekwa na dalali kwenye nyumba ya vyumba vitatu, bati jekundu, jiko la nje, kisima na mwembe mkubwa mbele. Rangi ilikuwa mbichi kiasi kwamba niliondoka na alama yake kwenye mkono wa shati.

Nilikuwa nimekwenda na fundi mwashi, na huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote niliyofanya katika safari ile. Marumaru za sebuleni, ambazo dalali alizisifu sana, hakuzitazama hata mara moja. Alitoa funguo mfukoni akawa anagonga ukuta taratibu kuanzia chini, akisikiliza wapi plasta imeachana na tofali. Akanionyesha nyufa mbili. Moja ilikuwa nyembamba kama unywele, imetambaa ovyoovyo. Akasema hiyo ni plasta tu. Nyingine ilianzia pembe ya dirisha la chumba cha nyuma ikashuka kwa mshazari hadi sakafuni, na kidole changu cha mwisho kikaingia. Hapo msingi umetitia, akasema. Kisha akapanda darini na tochi. Aliposhuka alikuwa na kipande cha mbao ya kenchi mkononi, akakibonyeza kikasagika. Mchwa. Mwisho akaomba kabati lisogezwe. Nyuma yake, ambako mpaka rangi hakufika, palikuwa na mstari wa matope ulionyooka, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Maji ya masika yalikuwa yameshalala mle ndani.

Mambo hayo matatu yana dawa. Mchwa wanapigwa dawa na mbao zinabadilishwa, msingi unaongezewa nguvu, maji yanachimbiwa mfereji. Unayatoa kwenye bei, maisha yanaendelea. Lililotaka kuniliza halikuwa ukutani.

Wakati fundi yuko darini nilivuka barabara kumwamkia bibi aliyekuwa akichambua mchicha barazani kwake. Nikamwambia nataka kununua pale. Akanitazama, akaendelea kuchambua, kisha akauliza: "Mwanangu, na yule dada yao wa Pangani mmeshaongea naye?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia habari za dada. Muuzaji alijitambulisha kuwa mwenye nyumba. Nilipomwomba ankara ya maji nikakuta jina la marehemu baba yake, na barua ya toleo ya kiwanja nayo ilikuwa na jina hilohilo. Watoto walikuwa wanne. Mirathi haikuwahi kufunguliwa mahakamani, kwa hiyo hapakuwa na msimamizi wa mirathi, na bila msimamizi hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuuza, hata kama ndiye kaka mkubwa na ndiye aliyemuuguza mzee. Ningelipa siku ile, ningekuwa nimenunua kesi. Sheria yetu ya ukomo inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi. Mama yangu ana miaka 74.

Ndiyo maana nasema mnunuzi aanze na jirani kabla ya mwanasheria. Wakili atakusomea karatasi iliyopo. Jirani atakutajia mtu asiyekuwepo kwenye karatasi. Mtu huyo anaweza kuwa mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini bado wako wanawake wanaojua nyumba imeuzwa siku mnunuzi anapokuja na kufuli. Naona uchungu kulisema hili, kwa sababu nimewahi kuishi jirani na mmoja wao.

Pamoja na hayo tulipima umbali wa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaitengea barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati, na waliovunjiwa nyumba kuanzia Kimara mwaka 2017 wanajua uzito wa alama ya X inayochorwa kwenye nyumba za kubomolewa. Sisi tulikuwa ndani sana, tulisalimika. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, lakini hakikisha imelipwa, maana bila hiyo uhamisho wa hati hauendi.

Tukasubiri. Ndugu walifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, ikachukua miezi, na masika ikatukuta katikati. Nilikwenda siku ya mvua kubwa nikasimama uani na mwavuli, nikaona kwa macho yangu maji yanaingilia wapi. Mfereji tuliouchimba baadaye umefuata njia ileile.

Siku ya kuandikishana dada wa Pangani alikuja na basi la asubuhi. Hakuwa mkorofi kama nilivyoambiwa. Alihesabu fungu lake, akaweka sahihi mbele ya wakili, kisha akamgeukia mama yangu akasema ule mwembe wa mbele aliupanda na baba yake, je, msimu ukifika anaweza kutumiwa maembe machache?

Mama akamshika mkono. "Sitakutumia, mwanangu. Utakuja kuyachuma mwenyewe, na utalala hapa."

Amekuja mara mbili.