Kupima Ukame: Somo Kutoka Ufipa

Mtu wa Pemba akiambiwa kwamba Sumbawanga mvua huwa haba sana tangu Mei hata Oktoba, huenda akawahurumia watu wa huko kwa ukame. Lakini Mfipa mwenyewe hana wasiwasi. Kwake hicho ni kiangazi cha kila mwaka. Mvua yake ni ya msimu mmoja, nayo huanza kadiri ya Novemba ikaisha Aprili. Sisi tuna vuli na masika, na kwetu Aprili ikipita kavu ni msiba, maana miche ya mikarafuu hufia shambani. Basi ukame si ukavu. Ukame ni kukosa mvua ambayo mahali hapo, wakati huo, imezoeleka kunyesha.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Ramani ya ukame hutazamwa inapoamuliwa chakula na mbegu za msaada ziende wapi. Ikichorwa vibaya, wenye shida husahauliwa.

Tumechagua Ufipa kwa sababu taabu ya kuchora ramani hiyo yaonekana huko waziwazi. Nchi hiyo ni uwanda wa juu baina ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa, upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Ziwa Rukwa liko kadiri ya mita 800. Kutoka mjini kwenda Muze au Mtowisa, mtu huteremka ukingo mkali mpaka kwenye joto la bondeni. Juu kuna baridi, na watu hulima mahindi, maharage, ulezi na ngano. Chini ni nchi nyingine kabisa.

Njia ya zamani ya kuchora ramani ni kutumia vipimo vya mvua vilivyowekwa chini. Mwaka 1911 Alfred Thiessen wa Marekani alieleza namna ya kugawa nchi, ili kila mahali pahesabiwe mvua ya kipimo kilicho karibu napo. Njia hii ni nyepesi, tena yafaa kwenye nchi tambarare. Lakini Ufipa, mkulima wa bondeni huenda akahesabiwa mvua ya mjini, ingawa ukuta mzima wa mlima umewatenga.

Njia ya pili yalinganisha kila mahali na desturi yake penyewe. Ilitolewa mwaka 1993 na McKee na wenziwe wa Colorado. Hukusanywa mvua za miezi ile ile kwa miaka 30 au zaidi, kisha huulizwa: upungufu wa mwaka huu hutokea mara ngapi? Tuseme, kwa mfano tu, mahali pawili pamepungukiwa milimita 200 kila pamoja. Pa kwanza upungufu huo huonekana kila miaka mitatu. Pa pili haujaonekana katika miaka 30. Penye ukame wa kweli ni pa pili. Sifuri ni hali ya kawaida. Chini ya 1 kasoro ukame umeanza. 2 kasoro na chini yake ni ukame mkali mno, ambao hutokea kama mara 2 katika miaka 100.

Pasipo na kipimo, satelaiti husaidia. Hesabu iitwayo CHIRPS huchanganya baridi ya mawingu, kama ionekanavyo kutoka juu, na vipimo vya chini. Kumbukumbu zake zaanzia mwaka 1981, kwa miraba yenye upande wa kilomita 5 hivi. Satelaiti nyingine hutazama ukijani wa majani. Lakini mvua ya milimani mara nyingi hutoka katika mawingu ya chini yasiyo na baridi kali, nayo satelaiti huweza kuikosa. Kwa hiyo kipimo cha chini hakijapoteza kazi yake.

Muda nao una maana. Hesabu ya miezi 3 yaeleza hali ya mazao. Ya miezi 12 yaeleza mito na maziwa. Mfipa alimaye matuta yake ya ntumba, ambayo hufukiwa majani ili yaoze, hutaka ardhi iwe bado laini mwishoni mwa mvua. Mvua ikikatika mapema amepata hasara, hata kama jumla ya mwaka ni nzuri.

Nasi tuna mambo kama hayo. Jua lile lile linalokausha karafuu jamvini huua mche mchanga. Na mvua moja haifanyi kazi moja katika udongo mzito wa vilima vya magharibi ya Pemba na katika mawe ya Micheweni.

Basi mwanachama awezaye na aweke kipimo cha mvua shambani, mahali peupe, mbali na miti. Akisome kila siku saa tatu asubuhi na kuandika daftarini. Siku isiyonyesha iandikwe sifuri, isiachwe tupu, kwani mwenye kusoma baadaye hatajua kama mvua haikunyesha au mwandishi hakuwapo. Shamba lisilo na daftari huhesabiwa mvua ya jirani.