Je, Wajua? Ukwaju Usoni

Nyahanga, mjini Kahama, ukwaju ni wa uji na juisi. Siku hizi umeingia pia kwenye urembo: rojo lake hupakwa usoni kama skrabu, ili madoa yafifie na ngozi ing'ae.

Unasaidia kweli? Ndiyo, kwa sababu ya asidi ya tatariki, ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga mwaka 1769 kutoka kwenye masalia ya divai. Hulegeza seli zilizokufa juu ya ngozi. Zikishabanduka, uso huwa laini.

Tatizo ni kipimo. Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa vipodozi Marekani lilishauri kwamba asidi mbili za jamii moja na tatariki, ya glikoliki na ya laktiki, zisizidi asilimia 10 katika vipodozi vya kujipaka nyumbani. Nyama ya ukwaju yaweza kuwa na tatariki kupita hapo, na rojo la jikoni halina kibandiko cha kukuonya. Tena, ngozi iliyobanduliwa hivyo huungua upesi. Mama akipaka asubuhi kisha akashinda gengeni kwenye jua la Kahama, ngozi yake yaweza kuwaka na kuacha weusi uleule aliotaka kuufuta. Ukichanganya na ndimu ndiyo mbaya zaidi: maji ya ndimu yakipigwa jua huweza kutoa malengelenge.

Hata hivyo, kati ya ukwaju na mkorogo wa kujichubua, sisiti hata kidogo kuchagua ukwaju. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ileile inayonasa dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Geita. Huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha hupenya mwilini na kuumiza figo. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazipiga vita krimu hizo.

Na sehemu ya ukwaju iliyo pole kwa ngozi tunaitupa: kokwa. Ndani ya ganda lake la kahawia linalong'aa mna sukari ndefu, zailoglukani, ambayo ikikutana na maji huwa utelezi unaoshika unyevu. Imetumika hata kwenye dawa za matone kwa macho makavu.

Anayetaka rojo lenyewe alizimue kwa maji na alijaribu kwanza mkononi, asubiri hadi kesho yake. Apake jioni kwa dakika chache, bila kusugua, aoshe, kisha ajipake mafuta. Penye kidonda au chunusi iliyopasuka asiguse.