Kadi za Kichawi Chini ya Miembe ya Tabora

Tuanze na utamu kwanza. Ukianza na hesabu ya hela hutaelewa kwa nini masela wanadata na Magic: The Gathering. Ni vita ya wachawi wawili mezani. Kila mmoja ana rundo lake la kadi 60 kwenda juu, kalipanga mwenyewe gheto, na uhai wa pointi 20. Kuna kadi za ardhi: kisiwa, mlima, msitu, kinamasi na tambarare. Ukiilaza ubavu kadi ya ardhi inakupa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo unaitia joka, unarushia radi, au unazimia uchawi wa mwenzako kabla haujatua. Hapo kwenye kuzima ndipo ninapopapenda kinoma. Mshikaji kajichanga zamu tano, kashusha chuma chake, anajiona kashamaliza kazi. Wewe unalaza visiwa viwili taratibu, unaweka Counterspell juu ya meza: kausha, haipiti. Kijiwe kizima kinalipuka.

Hakuna karata ya kawaida iliyowahi kunipa mzuka huo. Na napenda karata, arobaini na moja nimeicheza tangu mdogo. Tofauti ni kwamba dasta ya karata ni ile ile kwa kila mtu, lakini rundo la Magic ni wewe mwenyewe. Msela mpole wa Cheyo anayeongea kwa nadra anaweza kukupangia rundo la mapepo na maiti zinazofufuka mpaka ukajiuliza huyu ndiye ninayemjua. Unamsoma mtu kwa kadi zake. Huo ni unyama, na nausema bila kuuma maneno.

Sasa mkwanja. Mchezo ulitoka Agosti 1993. Aliyeutunga ni Richard Garfield, Mmarekani msomi wa hesabu, chini ya kampuni ya Wizards of the Coast. Dili lenyewe lilikuwa hivi: usimuuzie mtu mchezo mzima kwenye boksi moja, muuzie vipande ndani ya pakiti iliyofungwa, asijue amepata nini mpaka aichane. Pakiti za mwanzo zilikuwa na kadi 15: 11 za kawaida, 3 za ngazi ya kati, na moja adimu. Hiyo moja ndiyo inayomaliza hela za watu. Leo pakiti moja Marekani inapita dola nne, yaani mwekundu wa msimbazi umekwenda na bado hujalipia kuisafirisha mpaka Tabora. Unachana, unakuta kadi adimu isiyoingia kwenye rundo lako hata kwa kulazimisha, arosto inakushika, unataka nyingine. Masela wa mkeka wanaijua hali hii. Hasbro, walioinunua kampuni hiyo 1999, walitangaza kwamba mwaka 2022 Magic peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni moja. Huko juu kabisa kuna mwanamuziki Post Malone, aliyenunua mwaka 2023 kadi ya The One Ring iliyochapwa nakala moja tu duniani, kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni mbili hivi.

Tena sheria za mwanzo zilikuwa kali zaidi. Kabla ya mchezo kila mtu aliweka pembeni kadi moja kutoka kwenye rundo lake bila kuchagua, na mshindi aliondoka na zote mbili, jumla. Baadaye kanuni hiyo ikatupwa. Wangeileta Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, karne ya 19 isingemshangaza mtu. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa mwishoni mwa 1857, aliandika kuhusu Wanyamwezi waliocheza kamari ya kurusha kijiwe bapa au kipande cha bati, na kwamba wapo waliopoteza kila walichonacho mpaka wakajiuza utumwani. Burton alikuwa na mdomo mchafu kwa watu weusi, simwamini kwa kila kitu. Lakini mchezo kumla mtu mzima mzima, hilo halihitaji Mzungu kulithibitisha. Tumeliona kwenye mashine za jero za kitaa chetu.

Kitu kinachonifanya niandike, hata hivyo, siyo kamari. Ni shanga.

Enzi hizo za Burton njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikaingia Tabora, halafu ikaenda Ujiji ziwani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, waya za shaba, na shanga kwa magunia. Shanga ndizo zilizokuwa chenji ya njiani: kuku, unga, mtama, vyote kwa shanga. Burton alitaja aina kama 400. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipojipanga Zanzibar mwaka 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone alinunua magunia 22 ya aina 11, na kilichomtoa jasho kilikuwa kujua nani anapenda ipi. Maana shanga nyeusi ilikuwa pesa Ugogo, lakini ukivuka nayo mpaka wa Ugogo hakuna anayeitaka, hata bure. Shanga kubwa za umbo la yai zilipokelewa Ujiji na ng'ambo ya ziwa kule Uguha, kwingine watu wakazikataa. Aliyekosea kuchagua alikuwa na gunia zito begani mwa mpagazi na njaa tumboni.

Hapo sasa ndipo ninapowaambia wana: kadi adimu ni shanga nyeusi. Thamani yake haikai kwenye karatasi, inakaa kwa mtu wa upande wa pili wa meza anayeitaka. Tokyo au Chicago kuna meza elfu, kwa hiyo kadi ya dola hamsini ukichoka nayo unaisukuma kwa mwingine. Tabora mko wachache mnaojuana kwa majina, na hakuna hata mmoja mwenye dola hamsini. Ukijilipua kuagiza kadi hiyo, imefika mwisho wa reli. Unaishika, unaitazama, inapendeza, lakini shida ya kodi ya chumba ikija haikusaidii.

Watu wananijibu: basi cheza kwenye simu, ni bure. Kweli, Magic Arena ipo kwenye simu tangu 2021, na mchezo mwingine wa kadi, Yu-Gi-Oh Master Duel, ulikuja Januari 2022, na wengi wetu tuliokua na katuni ya Yu-Gi-Oh tuliuvamia. Unaingia bure, ila bando unalipa, na baada ya wiki unakutana na mtu mwenye rundo la moto unaanza kutamani vito vya kununulia pakiti. Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya bei. Kwenye michezo yote hiyo miwili huwezi kumpa mwenzako kadi. Huwezi kubadilishana, huwezi kuuza. Master Duel ukitaka kadi fulani unavunja tatu za ngazi hiyo hiyo upate moja. Shanga ya Stanley angalau ilitoka mkono mmoja ikaingia mwingine. Hii ya simu imefungiwa kwenye akaunti yako, na mwenye funguo ni kampuni. Konami, wenye Yu-Gi-Oh, walitoa Yu-Gi-Oh Cross Duel mwaka 2022, Septemba 2023 wakaizima. Waliotia hela yao mle, hela imekwenda na maji.

Kwa hiyo kijiweni kwetu, chini ya mwembe, tumeacha kununua pakiti. Kuna aina ya Magic inaitwa Pauper, inaruhusu kadi za ngazi ya kawaida tu, na kampuni yenyewe inaitambua rasmi tangu 2019. Counterspell niliyowasimulia ni kadi ya kawaida. Radi ya pointi tatu, Lightning Bolt, nayo ya kawaida. Utamu wote upo, jina kubwa tu ndilo halipo. Tusizonazo tunaandika wenyewe kwa kalamu kwenye manila na kuzikata kwa saizi. Mwaka 2016 kampuni ilieleza kwamba haina ugomvi na kadi za namna hiyo kwa kujichezea nyumbani. Usiziuze na usiziingize kwenye mashindano yao. Fresh kabisa.

Kazi ya manila imetufikisha kwingine. Jamaa mmoja mwenye mkono wa kuchora kaanza kutunga kadi za hapa hapa. Kuna kadi ya Hongo: adui akitaka kukushambulia lazima alipe kwanza, kama misafara ilivyolipa kwa watemi. Kuna rugaruga, wapiganaji wa watemi: wadogo, wepesi, wanashuka zamu ile ile wanapiga. Mtemi Isike kamchora ndani ya boma lake. Ukimshinda anaondoka na kila kilichopo mezani, chako na chake, kwa sababu Januari 1893 Wajerumani walipomwingilia alilipua ghala la baruti akiwemo ndani. Mtemi Mirambo ndiye anayetugombanisha. Mchoraji anataka azime kadi zote za biashara kwa muda wote atakaokuwa mezani, kwa kuwa kweli aliifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 mpaka Stanley akazunguka kusini. Mimi nasema hapo umeua mchezo, mwenye rundo la wapagazi atabaki ameshika mikono. Wengine wanataka apite atakayelipa hongo mara mbili. Jumamosi tunazijaribu sheria zote mbili, na ukiwa mitaa ya Isevya njoo na manila yako.