Sheria Yetu na Tarehe ya Wageni

Kila asomeaye sheria mjini Eldoret hana budi kuijua tarehe moja: Agosti 12, 1897. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967, ambayo ingali inatumika, yaagiza kwamba pale sheria zetu zilizoandikwa zisipotosha, zifuatwe kanuni zilizokuwapo Uingereza siku hiyo, kadiri hali ya wananchi inavyoruhusu.

Ajabu ni kwamba siku hiyo mji wa Eldoret haukuwapo, na uwanda wa Uasin Gishu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi 1902.

Si kwamba wenyeji hawakuwa na sheria. Wazee wa Kinandi waliketi katika baraza la kokwet, wakasikiliza pande zote na kupatanisha. Lakini sheria hiyo ya 1967 huikubali mila iwapo tu haikiuki haki na maadili, sharti ambalo kanuni za Uingereza hazikutwikwa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, imezitaka mahakama zikuze njia za jadi za usuluhishi. Walimu, historia hii tusiwaachie mawakili. Ajuaye sheria ilikotoka ndiye awezaye kuuliza inakokwenda.