Kwa nini Urusi iliwashinda wavamizi, Zanzibar ikaanguka chini ya saa moja?

Napoleon aliivamia Urusi 1812, Hitler naye 1941. Wote walikwama: nchi kubwa, chakula na risasi vinatoka mbali, tope, kisha baridi kali. Warusi walikuwa na pa kurudi nyuma.

Zanzibar haikuwa na nafasi hiyo.

Agosti 27, 1896, Sultani Khalid bin Barghash alikataa amri ya Waingereza ya kuondoka kasrini. Saa 3:02 asubuhi manowari zao zikaanza kupiga mizinga. Kasri lilikuwa ufukweni kabisa, Mji Mkongwe.

Meli yake, Glasgow, ikazamishwa. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Watu wake takriban 500 waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza, alijeruhiwa baharia mmoja tu.

Vita ikaisha ndani ya dakika 40 hivi. Umbali nao ni ngome, na Khalid hakuwa nao.