Somo la Redio: Bibi Autherine Lucy na Chuo Kikuu cha Alabama

Vitabu viko mbele yenu? Kalamu je? Basi mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno manne ya leo: ubaguzi, korti, bweni, shahidi. Tutaeleza kila neno mahali pake.

Ubaguzi ni kumtenga mtu kwa jambo ambalo hakulichagua mwenyewe, kama rangi ya ngozi yake. Leo tutatazama ubaguzi uliowapata wanafunzi Weusi katika vyuo vikuu vya Marekani, na swali letu ni moja tu: mwanafunzi akibaguliwa chuoni, kumsaidia ni kufanya nini hasa? Wengi hudhani kwamba mlango ukishafunguliwa, kazi imekwisha. Sikilizeni habari ya Bibi Autherine Lucy.

Bibi Lucy alizaliwa mwaka 1929 katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1952, baada ya kumaliza masomo katika chuo cha watu Weusi, aliomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Alabama pamoja na rafiki yake, Pollie Myers. Wote wawili walikubaliwa kwa barua. Lakini wakubwa wa chuo walipotambua kwamba ni Weusi, wakawanyang'anya nafasi zile. Karatasi ilikuwa haina rangi.

Basi wakaenda kortini. Korti ni mahali pa kuamulia mashauri. Walitetewa na mawakili Weusi hodari, miongoni mwao Thurgood Marshall na Bibi Constance Baker Motley, ambao baadaye wote wawili walikuwa majaji wakubwa wa nchi ile. Shauri lilichukua muda mrefu. Mwaka 1955 korti ikaamuru kwamba chuo kisimzuie mtu kwa sababu ya rangi yake. Hata hivyo chuo kilitafuta sababu nyingine ya kumkataa Bibi Myers, na Bibi Lucy akabaki peke yake.

Hapa naomba msikilize polepole. Tarehe 3 Februari 1956 Bibi Lucy aliingia darasani. Mlango ulikuwa wazi kwa amri ya korti. Lakini chuo kilimnyima kitanda bwenini, yaani katika nyumba wanamolala wanafunzi, na kikamkataza kula katika ukumbi wa chakula. Alikuwa mwanafunzi wakati wa masomo tu. Ikabidi atoke mji wa Birmingham, maili 60 hivi, afike asubuhi na kurudi huko kulala.

Siku ya tatu ya masomo, Jumatatu tarehe 6, umati wa watu ulikusanyika. Walimtupia mayai na mawe, wakapiga kelele kwamba auawe. Polisi walimtoa chuoni akiwa amejilaza ndani ya motokaa asionekane. Usiku uleule wakubwa wa chuo wakatoa amri: Bibi Lucy asimamishwe masomo, kwa ajili ya usalama wake na usalama wa wengine.

Nilipolisoma jambo hili katika darasa moja nililolitembelea, mzee mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na wale waliotupa mawe, walisimamishwa?" Ni swali zuri kuliko yote niliyopata kuulizwa katika somo hili. Jibu ni kwamba usiku ule, hapana. Mwezi wa Machi chuo kilimfukuza mwanafunzi mmoja aliyekuwa kiongozi wa fujo, lakini wakati huo Bibi Lucy alikuwa hayupo tena. Mawakili wake walikuwa wamerudi kortini na kudai kwamba chuo kilishirikiana na umati. Tarehe 29 Februari korti ikaamuru arudishwe masomoni. Jioni ya siku ileile chuo kikamfukuza kabisa, kikisema kwamba amekisingizia.

Yashikeni maneno yale "kwa usalama wake." Yanasikika kama maneno ya huruma. Lakini tazameni kazi yaliyofanya: yalimwondoa aliyepigwa, yakawaacha waliopiga.

Sasa twende jimbo la Georgia, linalopakana na Alabama. Januari 1961 wanafunzi wawili Weusi, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes, waliingia katika Chuo Kikuu cha Georgia kwa amri ya korti. Bibi Hunter alipewa bweni, ndiyo, lakini aliwekwa chini peke yake na wasichana wengine wote wakakaa ghorofa ya juu. Usiku wa tarehe 11 umati ulivunja madirisha ya nyumba ile kwa mawe. Na wakubwa wa chuo wakafanyaje? Wakawasimamisha wote wawili, kwa usalama wao! Mambo yalikuwa yaleyale ya Alabama, neno kwa neno.

Ila safari hii lilitokea jambo lingine. Walimu wa chuo kile, Wazungu, walikutana, na mamia yao wakatia sahihi karatasi ya kutaka wanafunzi wale warudishwe. Korti nayo ikaamuru hivyo hivyo. Katika siku chache wakarudi darasani, na mwaka 1963 wote wawili wakahitimu. Bwana Holmes akawa daktari wa mifupa, na Bibi Hunter mwandishi wa habari. Amri ya korti ilikuwako Alabama, ikawako na Georgia. Lakini sahihi zile za walimu hazikuonekana Alabama kwa wingi namna ile, na mimi nadhani zilikuwa na uzito mkubwa.

Na meza ya chakula? James Meredith alipoingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962, baada ya fujo zilizoua watu wawili, askari wa serikali walimlinda mchana na usiku. Askari aweza kumlinda mtu asipigwe. Hawezi kumpa rafiki. Wanafunzi wachache Wazungu waliothubutu kula naye walisumbuliwa na wenzao. Mwalimu mmoja wa historia, James Silver, alikuwa akicheza naye gofu. Mtasema gofu ni kitu gidogo. Kwa mtu ambaye wenzake huondoka mezani anapoketi, si kitu kidogo.

Mambo haya yametugusa na sisi. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alisaidia kupeleka vijana 81 kusoma Marekani kwa ndege, na wengine wakafuata. Wangari Maathai alikwenda mwaka 1960, na njiani, katika mkahawa mmoja, yeye na wenzake waliambiwa wanaweza kununua soda lakini wasiketi ndani. Hata leo vijana wetu husoma ng'ambo, na barua zao huwa fupi.

Basi akikuandikia kwamba ametukanwa kwa rangi yake, usimjibu "vumilia tu, soma." Hilo analijua. Mwambie aandike siku, saa, maneno yaliyosemwa na jina la shahidi, yaani mtu aliyeona au kusikia. Mwambie asiende ofisini peke yake; aende na mwenzake au mwalimu anayemwamini. Na wakubwa wakisema ahamishwe chumba kwa usalama wake, aulize, kwa adabu, kwa nini asihamishwe yule aliyemtukana. Nawe unayesoma pamoja na mgeni, nenda ukaketi naye siku ileile, usingoje wiki ijayo.

Mtauliza, Bibi Lucy je? Alikuwa mwalimu wa shule miaka mingi. Mwaka 1988 chuo kilifuta amri ya kumfukuza. Akarudi kusoma, na mwaka 1992, miaka 36 baada ya mawe yale, akapata shahada yake pamoja na binti yake, Grazia, aliyehitimu mwaka huohuo. Mwaka 2022 jengo moja la chuo lilipewa jina lake, na siku chache baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka 92.

Kazi ya nyumbani. Andika barua ya sentensi tano kwa kijana anayesoma mbali, awe wako au wa jirani. Sentensi mbili kati ya hizo ziwe maswali: unalala wapi, na unakula na nani? Mwalimu atazisoma Alhamisi. Kwa herini.