Mikarafuu na Majira Yanayogeuka



Kila mavuno yakikaribia, swali huwa ni lile lile: mbona karafuu za safari hii zimewahi, au mbona zimechelewa? Jawabu ni kwamba mkarafuu haufuati kalenda, hufuata mvua na jua. Na kwa kuwa mvua na jua havishiki tena nyakati zake kama zamani, yafaa kila mkulima aelewe mti wake unavyofanya kazi.

Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na ardhi ikakauka kidogo, mkarafuu husita kuchipua. Ukavu huo ndio unaousaidia kufanya maua. Baadaye matumba madogo hutokea kwenye ncha za matawi, na tangu hapo hadi kuchumwa hupita kiasi cha miezi 6. Basi kaskazi ikiwa na mvua nyingi, mti huelekea kutoa majani matupu, na mkulima akapata kivuli badala ya karafuu. Hata hivyo tusiisingizie hewa kwa kila jambo: mti uliozaa sana mwaka huu hutaka kupumzika.

Hatari ya pili ni vuli. Joto la dunia limepanda kwa zaidi ya digrii 1 tangu mwisho wa karne ya 19, na bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi. Mwaka 1961, 1997 na 2019, Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Sumatra, na mvua za vuli zikapita kiasi Afrika ya Mashariki. Mvua kama hizo hutukuta karafuu ziko juu ya majamvi. Karafuu hutaka siku 4 hadi 7 za jua zuri. Zikirundikwa mbichi huvunda na kupauka, na daraja hushuka. Zikiachwa mtini kungojea jua, hufunua maua na mwisho huwa mpeta.

Lakini mikarafuu nayo huigeuza hewa. Majani hutoa mvuke unaopoza shamba. Kivuli huukinga udongo na jua. Majani yaliyoanguka huizuia mvua isikokote udongo hadi mabondeni. Tena mti hula hewa ya ukaa, ambayo kuzidi kwake ndiko kunakoipasha dunia joto, ukaiweka katika mbao zake. Shamba moja haliwezi kuipoza dunia, lakini laweza kuhifadhi unyevu wake. Shamba lenye mapengo hukauka upesi.

Kwa hiyo twawashauri haya:

1. Andika siku za mvua, na siku uliyoona matumba ya kwanza. Hesabu miezi 6, uweke tayari wachumaji, majamvi na maturubai.

2. Chuma karafuu zinapoanza kugeuka rangi, kabla hazijafunua. Usivunje matawi, kwani ncha ya leo ndiyo karafuu ya kesho.

3. Ziba mapengo kwa miche wakati wa masika, na uipe kivuli cha migomba au mihogo.

4. Usichome majani makavu. Yaache chini ya miti.

Majira hatuwezi kuyaamuru, lakini shamba lililotunzwa huyastahimili zaidi. Shime, wanachama, tuanze masika haya.